Juto Lililomo Ndani ya MAGAZIJUTO

Mhadhara kwa wakufunzi, walimu na wanachuo wa ualimu, Songea



Kabla sijaanza kuzungumza nitaandika hesabu moja ubaoni. Simu zibaki mfukoni.

20 − 8 + 5

Waliopata 7 wanyooshe mkono. Asanteni. Waliopata 17? Asanteni. Na lipo kundi la tatu, kubwa kuliko hayo mawili, ambalo halikunyoosha popote. Linasubiri kujua upepo unavuma kutoka wapi. Siwalaumu. Mbele ya halaiki hii hata mimi ningesubiri.

Jibu ni 17, lakini msiniamini mimi, ulizeni mfuko. Umetoka nyumbani Bombambili na shilingi 20,000. Sokoni umenunua vitu vya 8,000. Wakati unarudi, jirani aliyekukopa wiki iliyopita anakusimamisha na kukulipa 5,000 zako. Ukifika nyumbani ukakuta mfukoni mna 7,000, utaketi hapo hapo mlangoni uanze kuhesabu upya, maana 10,000 zimepotea. Pale soko kuu hakuna mchuuzi, awe amesoma au hakusoma, atakayekosa hesabu hiyo. Anayeikosa ni msomi, tena anaikosa kwa sababu amesoma.

Nataka tukae hapo kidogo.

MAGAZIJUTO mnaijua: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Niliipokea nikiwa na miaka kumi hivi, nikaifundisha miaka mingi, na wanafunzi wangu nao sasa wanaifundisha. Mtu aweza kusahau nusu ya yote aliyosoma shuleni lakini hii haimtoki. Taabu yake ni kwamba inasomwa kama foleni ya zahanati: mabano aingie kwanza, gawanya afuate, na toa, maskini, awe wa mwisho hata kama alifika alfajiri. Kwa hiyo mwanachuo akiiona 20 − 8 + 5 anasema JU iko mbele ya TO. Anajumlisha 8 na 5, anapata 13, anazitoa kwenye 20, zinabaki 7. Ametii kanuni kama alivyofundishwa.

Kanuni yenyewe inasema hivi: kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na vyenye cheo sawa hufanywa kwa kufuata kilichotangulia upande wa kushoto. Maneno hayo hayakuenea ndani ya silabi chache za MAGAZIJUTO, yakaachwa nje, na yaliyoachwa nje hayakukumbukwa.

Sasa tazameni jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa sana kuliona. GA kuwa mbele ya ZI hakumdhuru mtu. Chukueni 12 × 6 ÷ 3. Ukienda kutoka kushoto, 72 gawanya kwa 3 ni 24. Ukikimbilia kugawanya, 6 kwa 3 ni 2, mara 12 ni 24. Jaribuni usiku kucha, hamtapata mfano unaoharibika. Ila JU kuwa mbele ya TO kunaharibu kila mara alama ya kutoa inapotangulia. Lau waliotunga neno hili wangegeuza silabi mbili za mwisho, likawa MAGAZITOJU, hata anayelisoma kama foleni ya zahanati angepona: 20 toa 8 ni 12, jumlisha 5 ni 17. Nusu ya kwanza ya neno ni salama kwa bahati, nusu ya pili ina mtego, na Kiswahili kwa masihara yake kikaupa mtego huo jina linaloustahili: juto.

Nasikia mtu anasema, haya ndiyo matunda ya kufundisha Hisabati kwa Kiswahili. Hapana. Wanaotumia BODMAS ya Kiingereza wana mtego huo huo, maana herufi zao zimepangwa kwa utaratibu uleule. Wamarekani na PEMDAS yao wamejiongezea wa pili, kwa kuweka kuzidisha mbele ya kugawanya: anayeifuata kama foleni, ukimpa 24 ÷ 4 × 2 atakuletea 3 badala ya 12.

Nimekaa sana kwenye hesabu hii moja kwa sababu inaonyesha jinsi tunavyomkosea mwalimu tarajali. Tunamchukua kama gunia tupu. Akikosea, tunaleta debe la kanuni nyingine na kumimina. Kumbe gunia limejaa tangu darasa la nne, na mahindi yanayomwagika chini ni yetu. Aliyeandika 7 ana maarifa, tena ameyashika kwa mikono miwili. Yalimpa vema nyingi darasani, na mtu haachi kilichokuwa kinampa vema eti kwa sababu mkufunzi amekunja uso.

Hesabu ya pili naiandika na kuiacha hapo juu kulia. Nusu ekari ni hatua ngapi kwa ngapi? Ekari nzima ni hatua 70 kwa 70. Katika mkoa huu wa mahindi hata mtoto anayechunga mbuzi anajua. Na si uzushi wa vijijini. Ekari ina yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kwa hiyo hatua ndefu ya mtu mzima, inayokaribia yadi moja, inatupa ekari na kibaraza kidogo cha ziada. Nusu yake je? Andikeni pembeni ya daftari, msimwonyeshe jirani. Tutairudia.

Sasa maneno yenyewe. Tunasema "zidisha". Mzizi wake ni kuzidi. Mtoto anayeijua lugha yake akiambiwa zidisha anategemea kitu kitoke kikubwa kuliko kilivyoingia, na kwa miaka mitatu minne namba zinamtii: 3 mara 4 ni 12, 7 mara 8 ni 56. Kisha siku moja anaambiwa azidishe nusu kwa nusu na anapata robo. Neno limesema zidi, jibu limepungua. Anafanya nini? Analiandika jibu ili apate alama, na imani yake haiguswi. Miaka kumi baadaye yuko chuoni, na ukimuuliza 0.4 mara 0.2 anakupa 0.8, kwa sababu 0.08 inaonekana ndogo mno kuwa zao la kuzidisha.

Lakini lugha hiyo hiyo ina dawa, nayo iko dukani. Mtume mtoto wa darasa la pili akanunue nusu ya nusu kilo ya sukari. Atarudi na robo, wala hatakuuliza imekuwaje ikapungua. "Nusu ya nusu" anaielewa. "Nusu zidisha kwa nusu" inamtia giza. Kosa letu ni kutomwambia kwamba ile "ya" ya dukani na ile alama ya kuzidisha ya ubaoni ni kitu kimoja.

Kugawanya ndiko kubaya zaidi. Mwaka 1999 Liping Ma, mama aliyewahi kufundisha shule ya msingi ya kijijini nchini China kabla ya kwenda kusoma Marekani, alichapisha kitabu kuhusu walimu wa hesabu wa nchi hizo mbili. Aliwapa walimu 23 wa Marekani na 72 wa China swali hili: moja na robo tatu gawanya kwa nusu. Wachina wote 72 walipata. Wamarekani waliofika kwenye jibu kamili walikuwa 9. Kisha akawaomba watunge kisa cha maisha kinacholingana na hesabu hiyo, na hapo kati ya wale 23 ni mmoja tu aliyetoa kisa chenye maana sahihi. Wengi walisimulia watu wawili wanaogawana chakula sawasawa. Hiyo ni kugawanya kwa 2.

Nimekuwa nikiwapa wanachuo wetu swali hilo hilo. Hesabu wanaipata, maana wanajua kupindua sehemu ya pili na kuzidisha; wanapindua kwa kasi kuliko mpishi wa chapati. Ukiwaomba kisa, unasikia: "Mama alikuwa na lita moja na robo tatu ya mafuta, akawagawia watoto wake wawili nusu kwa nusu." Kwa Kiswahili mtego umenolewa zaidi, kwa sababu "gawa nusu kwa nusu" kwetu ni kukata vipande viwili. Kisa kinachotakiwa kiko kwa mwuza mafuta: ana lita moja na robo tatu, anapima katika chupa za nusu lita, atajaza chupa ngapi? Tatu, na inabaki robo lita. Hapo darasa zima linaitikia "tatu na robo!" Sivyo. Robo lita ndani ya chupa ya nusu lita inafika katikati ya chupa, kwa hiyo ni chupa tatu na nusu. Kigawanyio ndicho kimekuwa kipimo, na mabaki yanahesabiwa kwa kipimo hicho. Wakufunzi wenzangu, nawaambia kweli, nimeona mabishano ya dakika arobaini juu ya hiyo nusu chupa, na sijawahi kufundisha kipindi kizuri kuliko hicho.

Sehemu, nazo, tunazisoma vibaya. Mbili ya tatu tunaisoma "mbili juu ya tatu". Juu ya! Kama kofia juu ya kabati. Mtoto anaona namba mbili zilizopandana, kila moja na maisha yake, na ukimwambia ajumlishe nusu na theluthi anajumlisha za juu, anajumlisha za chini, anakuletea mbili ya tano. Mwalimu tarajali anajua hilo ni kosa kwa sababu aliambiwa kuwa ni kosa. Mwambie athibitishe, ananyamaza. Uthibitisho ni mwepesi: mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ukapungukiwa.

Ila msiharakishe kucheka, kwa sababu hesabu hiyo ina kwao. Swali la kwanza la jaribio lina alama 2, umepata 1. La pili lina alama 3, umepata 1. Mkufunzi wako anaandika juu ya karatasi: 2 kati ya 5. Amejumlisha za juu, amejumlisha za chini, na yuko sahihi! Mwanafunzi ameyaona hayo kwa macho yake kwenye kila karatasi aliyorudishiwa tangu aanze shule. Tofauti ni kwamba kwenye alama tunaunganisha makundi mawili kuwa kundi kubwa, na kwenye nusu na theluthi tunazungumzia kitu kimoja kilichokatwa, mkate mmoja au ekari moja. Usipomwonyesha mahali ambapo kosa lake ni sahihi, utakuwa unabishana na macho yake.

Kuna jingine ninalolipenda, kwa sababu hapa lugha imefanya kazi nzuri na sisi tumeiharibu. Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika, KKS na KDS. Wanachuo wanazichanganya mpaka siku ya mahafali. Wanategemea KKS iwe kubwa, maana si imeitwa kikubwa, na KDS iwe ndogo. Kwa 12 na 18, KKS ni 6 na KDS ni 36. Kikubwa kimekuwa kidogo, kidogo kimekuwa kikubwa, na mwanafunzi anaamini kitabu kimekosewa. Halafu kuna irabu ile ya mwisho, o na e, inayoonekana kama makosa ya chapa.

Irabu hiyo ndiyo somo lote. Kizibo ni kinachoziba. Kipimo ni kinachopima. Kigawo ni kinachogawa: 6 inazigawa 12 na 18 bila kubakiza. Upande wa pili, mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Kigawe ni kinachogawiwa: 36 inagawiwa na 12, inagawiwa na 18. Kinachogawa hakiwezi kuzidi kinachogawiwa, kwa hiyo tunatafuta kikubwa kabisa upande wa wagawaji na kidogo kabisa upande wa wagawiwa. Aliyebuni istilahi hizo alikuwa fundi. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Hisabati wanakaa ofisi moja, wanakunywa chai ya birika moja, na sijui ni lini mara ya mwisho walizungumza juu ya irabu hii.

Nipite haraka kwenye machache. Desimali: anayesoma 2.15 kama "mbili nukta kumi na tano" amekwisha kuamini kwamba inaizidi 2.5, maana 15 inaizidi 5. Isomwe "mbili nukta moja tano" na nusu ya ugonjwa itapona. Namba hasi: "hasi na hasi ni chanya" ni methali ya kuzidisha iliyotoroka ikaenda kuishi kwenye kujumlisha, na huko inawafanya watu waandike kwamba −3 − 5 ni 8, yaani mwenye deni la 3 akikopa tena 5 anakuwa tajiri. Asilimia: bei ya debe ikipanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20, wengi wanasema imerudi ilipokuwa. Jaribuni na shilingi 10,000: inapanda hadi 12,000, inashuka hadi 9,600. Mkulima aliyeuza siku ya mwisho anajua zilipokwenda hizo 400.

Yametoka wapi haya yote? Jibu jepesi ni kusema wanaojiunga na ualimu ni dhaifu. Takwimu za mtihani wa kidato cha nne zinaumiza kweli: mwaka 2021 waliofaulu Hisabati hawakufika 20 katika kila 100, na mwaka 2023 walizidi 25 kidogo. Katika bwawa hilo ndimo tunamovua walimu. Lakini nani aliwafundisha hao 100? Sisi. Na sisi tulifundishwa na nani? Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi iliamua kila mtoto aende shule, na kufikia 1977 madarasa yalifurika. Vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo wakiwa kazini vijijini, wakashika chaki. Wengi wetu humu ndani tulisomeshwa na walimu hao wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na mimi sitakubali wabezwe mbele yangu. Walifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyekuwepo kuifanya. Mwalimu aliyepewa watoto wengi na muda mfupi hutafuta neno fupi la kukariri. MAGAZIJUTO ni chombo cha dharura. Wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, ada ikiwa imefutwa, madarasa yakafurika tena, na mafunzo ya ualimu yakawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Dharura ya pili, na vyombo vilevile vikatolewa stoo.

Juu ya hayo kuna safari ya lugha. Mwanachuo wetu alisoma sehemu kwa Kiswahili darasa la nne. Kidato cha kwanza akaanza upya kwa Kiingereza, na neno "kigawe" likakaa kabatini miaka minne au sita. Sasa anarudi chuoni kujiandaa kufundisha darasa la nne, analifungua kabati, na anamkuta humo mtoto wa miaka kumi akimsubiri na uelewa wa miaka kumi. Aljebra ya sekondari haikuwahi kukutanishwa na mtoto huyo. Ndiyo maana mtu anaweza kukokotoa mlinganyo wa kipeo cha pili kwa Kiingereza na bado akashindwa kueleza kwa Kiswahili kwa nini tunapindua.

Chuoni nako tunalichukulia kabati hilo kama chumba kilichokwisha kufagiwa. Tunasema, huyu ana cheti cha kidato cha nne, hesabu za darasa la nne anazijua, tumfundishe mbinu. Basi tunamfundisha andalio la somo, azimio la kazi, zana, saikolojia. Akienda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, mkufunzi anakaa dawati la nyuma na fomu yake: sauti, ubao, usimamizi wa darasa, zana za kufundishia. Niliwahi kukaa dawati hilo katika shule moja, sitaitaja, nikampa mwanachuo alama za juu. Sauti yake ilikuwa nzuri, kadi zake zilikatwa kwa mkasi mkali, watoto walipiga makofi kwa mpangilio. Usiku, nikinakili fomu, ndipo nikakumbuka kwamba alichowafundisha ni kuwa mraba si mstatili, na kwamba mraba ukiusimamisha kwenye pembe yake unaacha kuwa mraba. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hilo. Na mimi sikuwa nimeshtuka.

Mwaka 1973 mtafiti aitwaye Stanley Erlwanger aliandika habari za mvulana wa Marekani wa miaka 12 aliyemwita Benny. Benny alikuwa akisoma hesabu kwa vijitabu vya kujiendea mwenyewe, na kwa alama zake mwalimu alimhesabu miongoni mwa wanaofanya vizuri. Erlwanger akafanya jambo dogo: akaketi naye na kumuuliza anafikaje kwenye majibu. Ikaonekana kwamba kwa Benny, 4 ya 11 ni 1.5, na 11 ya 4 ni 1.5 vilevile, kwa sababu 4 na 11 ni 15, kisha unaweka nukta katikati. Alikuwa na kanuni za namna hiyo kibao, amezitunga kwa akili yake mwenyewe kutokana na majibu yaliyowekewa vema na yaliyowekewa kosa. Benny hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa mwanasayansi aliyepewa data mbovu.

Ninachokiomba kwa wakufunzi ni kidogo, na ni kigumu kwa sababu kinagusa aibu. Muulizeni mwanachuo "umefikaje hapo?" na mumuulize hata alipopata. Tukiuliza kwa waliokosa tu, swali linageuka fimbo. Na kabla hajaruhusiwa kutumia kanuni yoyote ya kupindua, kuhamisha au kubadilisha ishara, atunge kisa chake cha sokoni, shambani au stendi, wenzake wakipime. Wiki nilipolianza hilo, kijana mmoja mwenye cheti cha kidato cha sita alinifuata nje akaniambia, kwa heshima zote, "Mwalimu, unatudhalilisha. Hizi ni hesabu za watoto." Nikamwomba anitungie kisa cha 6 gawanya kwa theluthi. Alisimama pale chini ya mwembe muda mrefu. Kesho yake alikuja nacho: madebe sita ya mahindi, na mashine inayosaga theluthi ya debe kwa mkupuo mmoja, mikupuo mingapi? Kumi na minane. Alikuwa amelala akiiwaza. Na walimu mlio kazini mna vikao vyenu vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini; makosa ya namna hii yaleteni huko, kila mtu na la kwake, la mwanafunzi wake baadaye.

La kwangu nimeliacha ubaoni pale juu kulia.

Nilikuwa mwanachuo wa mwaka wa kwanza, nimerudi likizo kijijini, upande wa Peramiho. Shangazi yangu alikuwa amekodi nusu ekari ya kupanda mahindi, na mwenye shamba akasema mje mpime wenyewe. Shangazi hakuwahi kukaa darasani. Akasema, huyu mwalimu wetu ndiye atapima. Nikavaa shati jeupe. Nikajiuliza: ekari ni 70 kwa 70, nusu ya 70 ni 35, basi nusu ekari ni 35 kwa 35. Nikahesabu hatua kwa sauti ili majirani wasikie, nikachomeka vijiti pembe nne, nikala kuku.

Wangapi mmeandika 35 kwa 35? Nyoosheni tu, tuko wengi.

Baada ya siku chache shangazi akanitumia mtu. Nilimkuta shambani, jembe begani, mfuko wa mbolea miguuni. Alikuwa amenunua nusu ya mfuko wa kilo 50, kwa kuwa ekari moja yeye huitilia mfuko mzima, kisoda kimoja kila shimo, na hakuwahi kukosea kwa miaka yote aliyolima. Akaniambia niunyanyue. Ulikuwa mzito bado.

"Baba," akaniambia, maana alinipa jina la baba yake, "mashimo yamekwisha. Mbolea imebaki nusu yake. Shamba hili umenipimia robo."

Nilianza kumweleza kwamba 35 ni nusu ya 70. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kijiti, akachora mraba kwenye mavumbi, akaukata kwa mstari mmoja wa wima. Akanitazama. Akaukata tena kwa mstari wa kulala, akaweka kisoda ndani ya kipande kimoja kati ya vinne.

"Wewe umekata mara mbili," akasema. Akafuta ule mstari wa pili kwa kisigino, akaenda kung'oa vijiti vyangu.